Novatus Kwenye Daftari la Wageni

Saa sita mchana, mwezi wa Juni, Milembe na Benedikta walikuwa wamekaa kwenye turubai uani, kijijini Ngulyati, wakichambua pamba: safi kulia, fifi, ile chafu, kushoto. Wema, binti wa Benedikta, alikuwa akiokota majani makavu yaliyonasa kwenye pamba. Novatus akaingia kupitia uwazi wa uzio wa minyaa, akavua viatu, akakaa, naye akaanza kuchambua.

Novatus alikuwa mume wa Benedikta. Miaka mitano nyuma alipigwa risasi kwao, ng'ambo ya mpaka, na mkewe alimwona akianguka kati ya mibuni kabla hajakimbia na mtoto mgongoni.

"Mwadila, baba," Milembe akamsalimu. "Mhola?"

"Mhola duhu," Wema akamjibia kwamba ni salama tu, maana baba yake hakujua Kisukuma.

"Nimesikia wanakudai cheti cha kifo changu," Novatus akamwambia mkewe. "Nikaona nije mwenyewe."

"Umechelewa," Benedikta akasema, lakini akamsogelea hadi magoti yao yakagusana.

Ombi la hifadhi la Benedikta na Wema lilikataliwa mwezi wa tatu kwa sababu moja tu: haikuthibitika kwamba mume amekufa. Tangu hapo Fredrick, afisa kutoka mjini Bariadi, alikuwa akija kila Alhamisi na pikipiki kuwahamasisha warudi kwao kwa hiari. Alikuwa kijana mwenye heshima na hakuwahi kupaza sauti. Milembe, ambaye wanawe wote walihamia Mwanza, aliwapokea mama na mtoto siku walipopita kuomba maji, na hawakuondoka tena. Aliwapenda, na kila jirani alilijua hilo.

Sasa Milembe hakuwa mtu wa kuruka utaratibu. Kitongojini kwao mgeni akilala, kesho yake anapelekwa kwa mwenyekiti kuandikishwa. Yeye mwenyewe aliwahi kumsema shemeji yake kanisani kwa kosa hilo. Kulipokucha akampeleka Novatus kwa mwenyekiti, Mzee Mabula. Mabula alitazama tundu la risasi kifuani mwake, akaona kupitia hapo kalenda ya ukutani upande wa pili, akauliza jina linaandikwaje. Kwenye sababu ya safari akaandika "kusalimia familia," kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo. Akagonga muhuri.

Alhamisi Fredrick akaja. Milembe akampa maziwa ya mgando, na Novatus akafungua vifungo vya shati. Fredrick akachuchumaa, akachungulia kwenye tundu, akamwona ng'ombe mwekundu wa Milembe akicheua huko nyuma.

"Pole sana, kaka," akasema.

"Umeamini?" Novatus akamuuliza.

"Nimeamini. Lakini nimepitia kwa mwenyekiti. Umeandikishwa na muhuri upo, na marehemu haandikishwi mgeni." Akajifuta maziwa mdomoni. "Kwa hiyo mume yu hai, na anasafiri bila shida. Sababu ya kuomba hifadhi imekwisha. Tena familia ikiwa na baba, kurudi kunakuwa kwepesi."

Milembe akakaa chini. "Ni mimi niliyempeleka," akasema.

"Ulifanya vizuri, mayu," Fredrick akamjibu, na alikuwa akisema kweli.

Akatandaza fomu na kufungua kidau cha wino. "Dada Benedikta, ukiweka dole gumba leo ni hiari. Mtapata mablanketi na mchele. Usipoweka, lori ni lile lile la Jumatatu, ila hakuna mablanketi."

Milembe akajifunga kanga na kukimbilia kwa Mabula kuomba jina lifutwe. Mabula akamwambia kwa upole kwamba mgeni hufutwa akishaondoka. Aliporudi alikuta Benedikta amekwisha kuweka dole gumba. Wema naye alikuwa ameomba zamu yake, na kidole chake kilikuwa cha bluu.

Jumatatu lori likaja. Milembe akampa Wema mfuko wa michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. "Mwambie mama aichemshe kwanza," akamwambia. "Usiitafune mikavu, utang'oa meno." Novatus alipanda wa mwisho, na lori halikushuka hata kidogo kwa uzito wake. Fredrick akampa blanketi kama wengine. Milembe alilia mbele ya watu wote na hakujifuta.

Baadaye akaenda kuripoti kuondoka kwao, kama inavyotakiwa. Mabula akafungua daftari. Kwenye mstari wa Novatus, penye namna ya kuondoka, akaandika "hiari." Milembe akakubali, maana Novatus alikuja kwa miguu yake na angeweza kurudi wakati wowote. Kisha, kwa Benedikta na Wema, Mabula akaweka tu vile vijistari viwili vya kuonyesha kwamba ni kama hapo juu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, saa sita mchana, Milembe alikuwa akichambua pamba peke yake. Barabarani Fredrick alipita na pikipiki, fomu zikiwa kwenye begi, akampungia mkono. Vumbi lilipotulia, watu watatu wakaingia kupitia uwazi wa uzio, Novatus akiwa mbele. Benedikta alikuwa na tundu begani, kama lile la mumewe, na mfuko wa michembe mkononi ukiwa haujafunguliwa. Wema hakuwa amerefuka hata kidogo, na kidole chake kilikuwa bado cha bluu.

"Mwadila, mayu," Wema akasema.

"Mwadila, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Milembe akasogea kuwapa nafasi kwenye turubai. Jioni akachemsha michembe, akawatandikia kitanda chao, ambacho hakuwa amempa mtu mwingine. Kulipokucha hakwenda kwa Mabula.