Baba wa Chupa na Baba wa Pipa

Usiku wa jana niliota pombe yangu imekataa kwenda kuposa.

Nieleze kwanza, maana hapa Machame kuna watu hucheka kabla ya kuelewa. Mwanangu Kundaeli anataka kumwoa Aikaruwa, binti wa Mzee Munuo wa ng'ambo ya mto. Kwetu hakuna posa bila pombe. Upande wa mume unaipeleka, na aliyeileta anaonja kwanza mbele ya wenyeji, ndipo nao wanywe. Wengine hupeleka mbege ya ndizi na ulezi, na mimi sina ugomvi na ndizi. Lakini nimefundisha kemia mpaka nikastaafu, na sasa napika bia ya shayiri stoo kwangu, kwa kimea, maua machungu yaitwayo hopsi, na kipimajoto. Sioni aibu kusema kwamba inaishinda ya dukani.

Shida yangu ilikuwa moja. Nusu ya bia niliitia kwenye chupa, nusu kwenye pipa la chuma, halafu nikashindwa kuamua ipi iende kwa wakwe. Ya chupa ina povu na inachangamsha ulimi. Ya pipa ni laini, inateremka bila kelele. Nikaahirisha posa ili nilinganishe vizuri. Nikapika tena, nikalinganisha tena, nikaahirisha tena. Mke wangu akisema, "Baba Kunda, watu wa watu wamechoka," namjibu subira yavuta heri. Akinirudishia kwamba ngoja ngoja yaumiza matumbo, naingia stoo na kufunga mlango. Mwishowe Mzee Munuo alituma neno: msipofika Jumamosi, msije tena kabisa.

Jumamosi ni leo.

Basi katika ndoto naingia stoo kuchagua. Chupa zote zimevaa suti. Pipa limekaa kwenye kiti changu, limekunja miguu ambayo halina.

"Shikamoo," nasema, kwa kuwa linaonekana kunizidi umri.

"Marahaba. Funga mlango, unaingiza vumbi."

Chupa moja inasimama mbele ya wenzake na kusafisha koo. "Mwalimu, tumekaa kikao. Hatuendi."

"Kwa nini?"

"Kinachopelekwa kwa wakwe sharti kionjwe kwanza. Si ndiyo mila?"

"Ndiyo. Nitawaonja mimi, mbele ya wenyeji."

"Umetuonja sana, Mwalimu. Tulipoanza tulikuwa ukoo, tazama tuliobaki. Isitoshe, anayepelekwa kule ni baba wa kijana. Wakwe watakaa na baba huyo miaka na miaka, sisi tutaisha saa ile ile. Kwa hiyo wa kuonjwa ni wewe."

Nilitafuta kosa katika hoja hiyo nikalikosa. Sikushangaa sana, kwa sababu chupa zangu nimezilea vizuri.

Zinanivua shati. Ukutani kuna tangazo langu mwenyewe kwa herufi kubwa: KISICHOOSHWA HAKIINGII. Zinanisugua kwa brashi ya shingo ya chupa, hasa masikioni, kisha zinanitumbukiza kwenye dawa na kunining'iniza kichwa chini nichuruzike. Hakuna anayecheka. Faneli ndiyo msimamizi, inazunguka huku mikono iko nyuma.

"Huyu mnamtia wapi?" faneli inauliza.

"Nusu chupa, nusu pipa," pipa linajibu. "Tulinganishe. Yeye mwenyewe hupenda hivyo."

Wananichomeka sikioni mpira wa kunyonyea bia na mimi naanza kutoka. Ningependa kusema kwamba iliuma, lakini kazi ilifanywa taratibu, bila kutikisa machicha, kama nilivyokuwa nikisisitiza siku zote. Machicha yakabaki chini ya ngozi: kesi ya mpaka na jirani, sauti ya pili ya kwaya, na majina ya wanafunzi waliofeli. Nusu yangu ya kwanza wakaitilia sukari kidogo ili ipate gesi, wakaigandamizia kizibo. Nusu ya pili wakaimimina kwenye pipa jingine, wakaliunganisha na mtungi wa gesi.

"Sasa ngoja uive," zikasema chupa.

"Posa ni leo!"

"Subira yavuta heri," zikanijibu zote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza nikaelewa jinsi msemo huo unavyoudhi.

Mtu anavuta pazia. Stoo haina pazia, kwa hiyo najua hatupo stoo tena. Tuko sebuleni kwa Mzee Munuo, kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Yeye amekaa katikati na kata ya kunywea mkononi. Mkewe yuko kulia, shangazi wa binti kushoto, uso wake umekaa kama wa mtu aliyekwisha kukataa na anasubiri tu kuulizwa.

"Baba wa kijana yuko wapi?" anauliza Mzee Munuo.

Faneli, ambayo sasa ndiyo mshenga wetu, inainama kwa adabu. "Yuko wa aina mbili, mzee. Tumeleta wote mjionee."

"Kha! Wa aina mbili?" anasema shangazi. "Kwetu baba huwa mmoja, na huyo mmoja mwenyewe hututosha."

"Tuanze na wa chupa," anaamua Mzee Munuo.

Wanamfungua. Mimi niliyemo kwenye pipa nachungulia kupitia bomba na kumwona mimi wa chupa akiruka juu na povu.

"Kwa heshima na taadhima!" anapaza sauti. "Shayiri hii niliichipusha mwenyewe! Nyuzijoto sikuzikosea hata mara moja! Wapo wanaochemsha ovyo, sitawataja, mmoja wao ni mwinjilisti! Mimi nilipokuwa mkuu wa idara—"

Anaendelea hivyo. Anataja kimea, maabara, nyumba yake ya matofali ya kuchoma na cheti alichopewa alipostaafu. Povu linapanda makochi na kulowesha vitambaa vyote, hata kile cha juu ya redio. Kisha linakwisha. Chupa ikishafunguliwa haifungiki tena, na ndani hamna kitu.

Niliona aibu kwa niaba yake, kama unavyoona aibu kwa mgeni anayehutubia msibani.

Mzee Munuo analamba kidogo ukingoni. "Gesi nyingi. Amesema yote isipokuwa alichojia. Jina la kijana hata hakulitaja."

"Nilisema mimi," anasema shangazi, ingawa alikuwa hajasema.

"Huyo wa pipa naye."

Wanafungua bomba. Sitoki. Mzee Munuo ananigonga ubavuni. "Hodi! Kuna mtu humu?"

"Yumo," pipa linajibu kwa upole. "Ila huyu hajazoea kusukumwa. Mpeni nafasi."

Wananipa nafasi. Mke wa Munuo anainuka, anakuja kuinama karibu na bomba, anasema polepole kama anavyosemeshwa mtoto mwenye homa: "Baba Kunda, karibu nyumbani. Sema tu."

Natoka tone moja. Halafu jingine.

"Sitaki aondoke," nasema.

Faneli inageuka kunitazama.

"Aikaruwa ni muuguzi Mwanza. Wakioana, Kundaeli anahamia huko. Kaka zake walishakwenda, na hupiga simu Krismasi kuuliza kama mvua imenyesha. Huyu ndiye anayenishikia faneli ninapomimina. Tunazozana pale stoo kuhusu chupa na pipa mpaka mama yake anatuita na chakula kinapoa. Nikishaamua ipi ni bora, kazi imekwisha na yeye anakwenda zake. Ndiyo maana siamui. Binti yenu hana kasoro. Nampenda binti yenu. Bia ilikuwa tayari tangu zamani."

Hayo yote yalitoka kwa sauti ndogo, bila povu.

Mzee Munuo anakinga kata na kunijaza. Kwa mila, mleta pombe huonja kwanza, kwa hiyo ananisogeza kwanza kwenye bomba langu mwenyewe, nami najionja. Nilikuwa mchungu kuliko nilivyodhani, lakini sikuwa nimeharibika. Kisha anakunywa yeye, anampa mkewe, mkewe anampa shangazi.

"Huyu hana povu," anasema mke wa Munuo.

"Hana," anakiri shangazi, na kuomba kata irudi. "Lakini anashuka."

Wananywa. Nahisi napungua kuanzia utosini. Mzee Munuo anafuta ndevu kwa kiganja, anatazama pembeni.

"Na mimi sitaki wangu aondoke," anasema. "Nilidhani wewe unamdharau. Nikawa nashukuru moyoni kila ulipoahirisha, huku nje nakasirika." Anaikohoa sauti yake irudi mahali pake. "Basi, jamani, mbakizeni kidogo. Atahitajika kwenye harusi."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeingia chumbani. Mke wangu alikuwa ananyoosha koti langu kwa pasi, anapiga pasi kwa nguvu ya mtu aliyejiandaa kuambiwa tunaahirisha. Kundaeli alisimama mlangoni amevaa viatu vyake vipya. Haulizi siku hizi, anasimama tu.

"Pakia bia kwenye gari," nikamwambia.

"Ipi, baba?"

"Yoyote."

Mke wangu akaiweka pasi chini. Kundaeli alinitazama, akafungua mdomo, kisha akakimbia kabla sijabadili nia. Nilimsikia akigongagonga vitu stoo na kupiga mluzi, nikavaa koti likiwa bado la moto.

Simu ikalia. Alikuwa Mzee Munuo, ambaye hajawahi kunipigia mwenyewe. Siku zote hutuma mtu.

"Mwalimu, habari za kuamka?"

"Salama, mzee mwenzangu. Tunakuja."

"Najua." Nyuma yake nikamsikia mkewe akinong'ona, mwambie, mwambie. "Karibuni sana. Ila nakuomba, aje yule wa pipa. Yule wa chupa mwacheni huko huko. Mke wangu tangu alfajiri anafua vitambaa."