Piza ya Mtu Mwingine

Mama Winifrida alikuwa na sheria moja: mtoto akirudi kutoka mbali, tonge la kwanza analila nyumbani. Mwanawe Marselino aliijua sheria hiyo tangu hajaota ndevu, na aliposhuka basi Sumbawanga baada ya miaka tisa ya kuchomelea vyuma Mtwara, jambo la kwanza alilofanya ni kuivunja. Alipanda bodaboda, moja kwa moja mtaa wa Malangali, kwa Mzee Eustaki.

Tumhukumu taratibu. Mtu anaota miaka tisa piza ya dagaa wa Kirando, imeokwa kwa kuni kwenye tanuri la matofali, kingo zimeungua kidogo, halafu aupite mlango huo aende kuulizwa na mashangazi ataoa lini? Hata malaika angeomba dakika ishirini.

Mzee Eustaki, aliyefundishwa kuoka na mapadri akiwa kijana na tangu hapo hajamkubali mwokaji mwingine yeyote, alimtambua papo hapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umenenepa. Piza zimekwisha."

"Na ile pale?"

"Ile ya mtu. Kuna binti alikuja kuiagiza tangu juzi, itafuatwa saa kumi."

Marselino akaanza kubembeleza. Akamtaja marehemu baba yake. Akakumbushia kuni alizokuwa akimpasulia mzee enzi za shule. Mwenye piza, alisema, ni mtu wa hapahapa, atakula kesho. Yeye ametoka mwisho wa nchi, na huko kote hajaona mtu anayejua kuoka. Mzee Eustaki hupenda kusifiwa kuliko anavyopenda wateja, kwa hiyo akalegea.

"Kula upesi," akasema. "Nitasema imeungua."

Alikula kama anafukuzwa. Alikuwa akilamba vidole aliposikia mtu anapiga hodi nje, na sauti yenyewe haikuhitaji kuulizwa. Marselino akarukia jikoni, akachuchumaa nyuma ya gunia la unga.

"Nimefuata piza yangu," alisema Mama Winifrida. "Nilimtuma Sharon wa jirani aje kuniagizia."

Mzee Eustaki akakohoa. Ule uongo aliouandaa hakuweza kuusema. "Ile piza, Mama Marselino, imeliwa."

"Na nani?"

"Mteja. Alikuwa na njaa sana."

"Mwanangu anafika leo, mzee. Nilisema tonge la kwanza ale kwangu, sikusema liwe tonge la nini. Nikataka akute kile anachokipenda. Sasa huyo mteja wako, ana mama kweli?"

Nyuma ya gunia, mwenye mama alitamani tanuri limmeze. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Angeweza kukimbia, afike nyumbani kabla yake, aseme basi lilichelewa, na mama angeamini. Huwa anaamini. Ni hilo hasa lililomshinda. Akatoka na unga mabegani na nyanya kidevuni.

"Shikamoo mama."

Mama Winifrida alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akaitazama ile sahani tupu. "Marahaba," akasema, akaketi kwenye benchi, akalia. Marselino naye akalia. Mzee Eustaki akageuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Nisamehe mama. Sikujua ni yako."

"Ilikuwa yako. Umekula chako, hujaiba kitu," alisema mama, akijifuta kwa kanga. "Ila umekula mimi sipo. Miaka tisa nakuuliza kwenye simu, umekula? Unasema nimekula mama, nimekula. Leo nilitaka nikuone kwa macho yangu."

Marselino alikuwa ameshiba mpaka kooni. Akamgeukia mzee. "Hakuna donge la unga lililobaki?"

Lilikuwepo moja, ambalo Mzee Eustaki alijiwekea chakula chake cha jioni. Alilichukua, akaanza kulisukuma.

Piza ya pili ilipoletwa, Marselino alilegeza mkanda, akafanya ishara ya msalaba, akaanza. Mama hakugusa hata kipande. Aliweka viwiko mezani, akawa anamtazama anavyotafuna.

"Kula taratibu, mwanangu," akasema. "Ugali wa ulezi na kuku viko nyumbani, havikimbii."

Marselino akameza, akachukua kipande kingine.