Kesi ya Iowa

"Shemeji, uko peke yako?"

Dorothea, mke wa mtani wangu Melkiori, alinipigia nikiwa kwenye gari nje ya kliniki ya figo ninakofanya kazi, hapa Gulfton, Houston. Nilikuwa nakula ndizi. Nikamwambia niko peke yangu, akavuta pumzi.

"Melkiori ana saratani ya kongosho. Imeshasambaa. Madaktari wanasema Krismasi hataiona."

Ile ndizi ilinikwama. Nikaitema kwenye karatasi.

"Nakwambia kwa siri," akaendelea. "Mwenyewe kakataa kabisa usiambiwe. Kila mtu hapa Irving anamjia na sura ya msibani. Wanamshika mkono, wanamwombea mpaka kwenye foleni ya supamaketi. Anasema kwako tu, Samson, ndiko bado ni mzima. Anataka uje Jumapili mchague jimbo la kuwindia, kama kila mwaka. Umtanie, mbishane, urudi zako. Usimwonyeshe kwamba unajua. Nakuomba sana, shemeji."

"Sasa umeniambia ya nini?" nikamfokea. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo sikuwa na mwingine wa kumtupia.

"Kwa sababu amekonda. Ungemkuta hivyo ungemtania kukonda kwake, halafu ungekuja kujua baadaye ukajiua." Akaanza kulia.

Alisema kweli. Ningemtania.

Mimi ni Mpare, Melkiori ni Mchaga wa Kibosho. Asiyetujua ajue hivi: Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakwambia lolote na kununa ni marufuku. Hata msibani mtani anakuja kufanya vituko mbele ya jeneza, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Wachaga wanasema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanatusingizia? Hapana. Baba yangu aliuza wawili.

Ndiyo maana Melkiori hakuwahi kuniita Samson mbele yangu. Aliniita Mpare, au Wakili siku akiwa na furaha. Mimi nilimwita Mangi, kama machifu wao wa zamani, na siku nikiwa na njaa nilimwita mwizi.

Yeye alikuwa fundi wa ndege pale uwanja wa ndege wa Dallas, DFW, na wenzake kazini ndio waliomfundisha kuwinda. Akaniambukiza na mimi. Tulikuwa na kipande cha pori la kukodi karibu na Centerville, katikati ya njia kati ya Houston na Dallas, tukakiita Mahakamani, maana tulibishana humo mpaka wanyama wakahama. Mnyama mwenyewe ni huyu mwenye mkia mweupe. Tunamwita kulungu, ingawa kulungu wa milima ya kwetu ni mwingine kabisa. Mimi Msabato, Jumamosi siwindi mpaka jua lizame, na yeye alikuwa akinipigia simu Jumamosi asubuhi akiwa juu ya mti: "Wakili, kulungu wote wako hapa, wanakusalimia, wanasema sabato njema."

Lakini alichokitaka Melkiori hakikuwa nyama. Alitaka dume mzee. Yule wa miaka mitano, sita, aliyebonyea mgongo, shingo imemezwa na kifua, anayetembea kama mtu anayemiliki kiwanja. Mahakamani hakuna dume wa hivyo, kwa sababu majirani wanapiga kila chenye pembe kabla hakijakomaa. Ardhi ya Texas karibu yote ina wenyewe, na mashamba wanakotunzwa madume wazee si ya watu kama sisi. Kwa hiyo kila mwaka mwezi wa tano tulikaa mezani kwake Irving kuamua tutoke twende jimbo gani.

Yeye alisema Iowa. Huko madume wanaachwa wazeeke, mahindi ni tele, na wageni wanaoruhusiwa ni wachache. Ndiyo, wachache, kwa sababu mgeni anakusanya pointi moja kwa mwaka na kusubiri miaka ndipo apate kibali. Mimi nilisema Oklahoma. Unavuka mto, unanunua kibali, unaingia porini wiki hiyohiyo. Kansas tuliitaja kwa adabu tu, ili isionekane tumeibagua.

"Oklahoma ni Texas iliyonawa uso," alikuwa akisema. "Dume mzee husubiriwa, Mpare. Hafuatwi kama deni."

Na mimi Novemba iliyopita, tukiwa Mahakamani tunakunywa chai ya tangawizi, nilimjibu: "Iowa utafika marehemu, Mangi. Kibali chako tutakibandika kwenye jeneza." Alicheka mpaka akamwaga chai. Nilicheka na mimi. Mungu anisamehe, nilicheka sana.

Jumapili ile nilikwenda. Njia nzima nilikuwa najifunza ubishi kama mtoto anayekariri shairi la shule. Oklahoma, Mangi. Oklahoma, mwizi wewe. Na mara hii nilikuwa na kesi nzuri kuliko zote, maana Oklahoma mishale inaruhusiwa Oktoba. Oktoba angeweza kufika. Iowa asingefika hata kwa ndoto. Nilichotakiwa kufanya ni kusema kilekile ninachosema kila mwaka, kwa kelele zilezile, na nishinde safari hii.

Dorothea alinifungulia mlango bila kunitazama. Mezani kulikuwa na mtori wa ndizi kwa ajili ya mumewe na makande kwa ajili yangu, kwa sababu wao wanaamini Mpare bila makande hupoteza fahamu. Melkiori alikuwa ametandaza ramani. Shati alilovaa nalijua, nililinunua mimi. Sasa lilikuwa limemzidi kila upande.

"Mpare, umechelewa. Ulikuwa unashtaki mtu njiani?"

"Foleni," nikasema.

Alinitazama kidogo. Miaka mingine ningemjibu kitu cha kumtukana ukoo mzima.

"Haya, mahakama ikae," akasema, akagonga meza kwa kijiko. "Mimi ni Iowa. Pointi ninazo, nimebakiza mwaka mmoja, miwili kwa wingi. Wakili, jibu."

Nikafungua mdomo. Akainua mkono kuonyesha Iowa kwenye ramani, na saa yake ikateleza kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko. Akairudisha haraka, kama mtu aliyefunuliwa na upepo nguo ikapanda. Nikawaza, huyu mtu anakufa, mimi nambishia ili iweje? Mpe anachotaka.

"Sawa, kaka," nikasema. "Iowa ni pazuri. Twende na Iowa."

Kijiko kikabaki hewani.

"Umeniitaje?"

"Nimesema sawa."

"Mpare kasema sawa," akarudia taratibu. Hakuwa ananiambia mimi. Halafu akapaza sauti kuelekea jikoni: "Dorothea! Umemwambia."

Jikoni maji yalifungwa.

"Mangi, sikiliza," nikaanza.

"Nyamaza." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa amechoka ghafla, kama aliyekuwa amesimama kwa sababu yangu tu. "Nilikuwa na mtu mmoja, Samson. Mmoja. Wengine wote wameshaanza kunizika. Nilitaka nikae hapa mchana mmoja tu na mtu anayenitukana."

Aliniita Samson. Miaka yote hiyo, na mara ya kwanza kulisikia jina langu kinywani mwake ndiyo ilikuwa hiyo.

"Nakuonea uchungu," nikasema. "Nifanyeje?"

"Uchungu ninao wa kutosha. Fungua hilo friji, limejaa huruma, wamepika za kila rangi." Akajishika kwenye meza akainuka. "Nenda tu, mtani. Njia ni ndefu. Nataka nilale."

Sikugusa makande. Dorothea alinisindikiza mpaka kwenye gari, akiomba msamaha, nami namwomba yeye, tukawa kama watu wawili waliovunja chungu kimoja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtani wangu hakuumbuliwa na kifo. Niliyemuumbua ni mimi, kwa kukosa ubishi siku moja.

Nilipofika Centerville niliiacha barabara kuu nikaenda kusimama kwenye geti la Mahakamani. Jua lilikuwa bado kali. Nililia pale nikipiga usukani, na kadiri nilivyolia ndivyo hasira ilivyopanda. Nilimkasirikia Dorothea. Nilimkasirikia yeye Melkiori kwa kutaka niwe mjinga. Nikachukua simu nikapiga, na alipopokea sikumpa hata nafasi ya kusema haloo.

"Wewe Mchaga! Mwizi wewe! Nimechoma mafuta ya gari kutoka Houston halafu unanifukuza kabla kesi haijasikilizwa? Oklahoma! Umenisikia? Oklahoma Oktoba! Iowa utafika marehemu, Oklahoma utafika mgonjwa, sasa mwenye akili anachagua nini? Hizo pointi zako utampa nani, zinarithiwa hizo? Mpumbavu mkubwa!"

Nikafikiri nimemuua.

Kisha nikasikia kitu kama kikohozi, kikarefuka, na nikatambua ni kicheko. Alicheka mpaka nikamsikia Dorothea akikimbilia chumbani.

"Hapo sasa," akasema, akihema. "Hapo ndipo ulipo. Haya Wakili, hoja yako ya kwanza naipinga."

Kuanzia hapo tulibishana kiangazi kizima. Nilimpigia nikiwa njiani kwenda kazini, nilimpigia wagonjwa wangu wakiwa kwenye mashine, mpaka bibi mmoja akaniuliza kama nina kesi ya mirathi. Nilipata nguvu ya kumtania kukonda kwake: nilimwambia sasa ataweza kujificha nyuma ya shina la hindi. Dorothea alishtuka mwanzoni, baadaye akawa anaweka simu kwa sauti kubwa ili naye asikie.

Lakini msinielewe vibaya, ndani ya matusi nilikuwa namwomba kweli. Twende Oktoba, Mangi. Nitakubeba mgongoni mpaka kwenye kibanda cha kuvizia. Utakaa kwenye kiti, nitakushikia upinde, dume akija, vizuri; asipokuja, vizuri. Nilikuwa nimeshaongea na mwenye shamba moja huko, nimeona picha za dume mzee kidevu cheupe. Niliitaka safari hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

"Mpare anibebe?" alinijibu. "Utanishtaki nimekuvunja mgongo."

Mwezi wa sita akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeiba sukari, "Wakili, nime-apply pointi nyingine. Ya Iowa." Nilimngurumia. Siku hiyo haukuwa utani, nilikasirika kweli, nikamwuliza kwa nini anachezea muda, kwa nini asikubali mara moja tu tukaenda mahali panapofikika.

"Tukikubaliana," akasema, "tutaongea nini?"

Kesho yake nikampigia tena: Oklahoma, mwizi wewe.

Mwishoni mwa mwezi wa nane hakuweza tena kuongea vizuri. Dorothea alikuwa anamwekea simu sikioni, mimi naendesha kesi peke yangu, namsomea hali ya hewa ya Oklahoma, upepo, mwezi, mialoni inayodondosha mbegu. Siku moja nilimaliza, nikasema basi mahakama imeridhika, tunakwenda Oklahoma. Nikasikia pumzi, halafu sauti ndogo kabisa.

"Napinga."

Sikumsikia akisema neno jingine tena. Alifariki wiki ile iliyofuata, Oktoba haijafika.

Walimuaga kwenye ukumbi wa parokia huko Irving kabla ya kumsafirisha Kibosho, akazikwe kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo. Ukumbi ulijaa. Mshereheshaji alipouliza, "Watani wapo?" watu wote waligeuka kunitazama, na Dorothea, amejifunga kitenge cheusi, aliniitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimevaa koti langu la kuwindia juu ya suti. Nilikwenda mbele na kiti cha kukunja na chupa ya chai, nikakaa ubavuni mwa jeneza, nikamimina chai nikanywa. Vicheko vikaanza nyuma. Nikatandaza ile ramani yake juu ya kifuniko.

"Mahakama ikae," nikasema, nikagonga kwa kijiko. "Mnamwona huyu mwizi? Mwaka mzima ananibishia jimbo. Kumbe alikuwa na lake. Kaenda mbali kuliko wote, hata kibali hakuomba, na kalala ndani ya sanduku zuri ili Mpare ndiye asimame kwenye foleni ya uwanja wa ndege!"

Walicheka sana. Mama mmoja alicheka huku amejifunika uso kwa mtandio. Dorothea alicheka pia, nilimwona, mabega yalikuwa yanamtikisika, baadaye sikujua tena kama ni kicheko.

"Sasa natoa hukumu," nikasema. "Kesi imekwisha. Oklahoma. Tunakwenda Oklahoma, Oktoba, mimi na yeye, na mimi Mpare nimeshinda. Mwenye kupinga aseme sasa."

Nikainama, nikaweka sikio juu ya mbao. Watu wakaendelea kucheka kidogo, wakidhani kuna kituko kinakuja. Nikasubiri. Vicheko vikapungua, vikakoma, ukumbi mzima ukawa kimya, mimi bado nimeinama.

"Pinga basi, Mangi," nikasema. "Pinga."