Turubai Mlangoni kwa Bi Somoe

Tunu alishasema hapana mara ya kwanza, akasema na ya pili, na hii ya tatu aliisema kwa sauti ya chini kabisa. Wanaomfahamu Tunu wanajua, akishusha sauti ndiyo mambo yameharibika.

"Nyimbo hazitoki."

Revelian, prodyuza mwenye ofisi yake Kinondoni, alivuta kiti cha plastiki akakaa. Walikuwa nje ya nyumba ya mama yake Tunu, Tandika, wanasubiri vijana wamalize kufunga turubai.

"Da Tunu, nisikilize. Kule ukumbini watu wanakuja wameshakubali. Mtu akifa, mwenzake akaimba, sawa, si jukwaa? Lakini hii ni muvi. Huu ni mtaa kweli, mchanga kweli, na kuku wale pale. Mtu kafiwa na mama yake halafu anasimama anaimba beti nne? Watatucheka. Watakata hicho kipande wakisambaze mtandaoni, tutakuwa kichekesho mimi na wewe."

"Kwa hiyo huyo mfiwa afanyeje?"

"Aseme. Yule dada mkubwa amwambie mdogo wake, nisamehe. Neno moja, kamera karibu na uso, imeisha."

"Hilo neno halisemeki, kaka. Lingekuwa linasemeka mie nisingeandika mchezo."

Revelian alidhani ni maringo ya wasanii. Hakujua, na Tunu hakuwa na mpango wa kumwambia.

Ukweli wenyewe ni huu. Mchezo wao uliitwa Kiti cha Wodini, na ulikuwa umechezwa miaka sita kwenye ukumbi mmoja pale Temeke, mpaka kina mama wa mtaani wakawa wanapika huku wanaziimba nyimbo zake. Ndani yake kuna ndugu wawili na mama yao mgonjwa. Mdogo ni zamu yake kulala hospitali, anashindwa kuvumilia kumwona mama anavyohema, anatoroka, na mama anakata roho hakuna mtu kwenye kile kiti cha kando ya kitanda. Watu walimsifu Tunu kwa kutunga. Atunge wapi! Alitoa baba akaweka mama, basi. Aliyetoroka wodini usiku aliokufa baba yao ni Shamimu, mdogo wake wa tumbo moja, na siri ile alimwambia Tunu peke yake, analia, kichwa kakilaza mapajani kwake.

Onyesho la kwanza Shamimu alikaa mstari wa mbele na gauni jipya. Ulipoanza wimbo wa msiba, dada mkubwa, aliyechezwa na Tunu mwenyewe, akamnyooshea kidole mdogo wake mbele ya waombolezaji, Shamimu aliinuka akatoka. Hakuongea na Tunu tena. Kwa mama yao alikuwa anakuja siku anazojua Tunu hayupo.

Na kilichomuuma Tunu ni kwamba wimbo ulikuwa haujaisha. Kwenye ubeti wa mwisho dada mkubwa anajigeukia mwenyewe. Na mie ninayekunyooshea kidole, usiku ule nilikuwa wapi? Nilikuwa ngomani, nacheza. Nisamehe, mdogo wangu. Ubeti ule Tunu aliuimba kila Jumamosi kwa mtu ambaye hayumo ukumbini. Muvi ingemfikia Shamimu hukohuko kwake Buguruni, kwenye simu yake, atake asitake. Lakini wakitoa nyimbo, kitakachomfikia ni kidole tu, na safari hii kitaonwa na nchi nzima.

Makubaliano yalikuwa hivi: wanashuti sini ya msiba na wimbo wake. Ikimshika Revelian, nyimbo zinabaki zote. Akicheka, hata kidogo, zinatoka.

Bi Somoe, mama yake Tunu, alichungulia mlangoni akaliangalia turubai. "Mnanichuria nyie. Mie mzima mnanifungia turubai."

"Mtaa mzima nimewaambia, mama. Wanajua ni muvi."

"Na mwenzio umemwambia?"

"Nitampigia," Tunu alisema.

Alitoa simu kweli. Akalitazama jina la Shamimu, akawaza aanze na salamu ipi baada ya muda wote ule, akairudisha simu kwenye pochi. Kiburi hicho, na woga pia, vyote alikuwa navyo.

Sasa, mzee Mwishehe muuza mkaa alikuwa ametoka asubuhi kwenda Mbagala, wala hakuambiwa chochote. Tunu alikuja kuyajua haya baadaye. Aliporudi aliliona turubai kutokea kule kona, akaona wanawake mikekani wamejitanda khanga, na huku anajua Bi Somoe presha inamsumbua. Akafanya ambacho ungefanya wewe. Akampigia Shamimu, kwani namba aliyokuwa nayo ni ya Shamimu tu. "Njoo nyumbani, mwanangu." Shamimu akauliza kuna nini. "Wewe njoo tu." Na hakuna mtu mzima mjini hapa asiyejua maana ya kuambiwa njoo tu.

Brightson, kijana wa kamera wa Revelian, aliiweka kamera begani, Revelian akasema eksheni, Tunu akaanza kuimba.

Aliimba kwa hofu. Ubeti wa kwanza sauti ilimgomea, wa pili ikakubali. Kwa pembe ya jicho alimwona Revelian kaziba mdomo kwa kiganja, asijue kama ameguswa au anazuia kicheko. Kina mama wakaitikia, ubeti wa tatu ukaisha. Hapo kilio kikatokea kichochoroni.

Kilio kile hakikuwa cha kuigiza, na kila aliyekaa mkekani alikijua. Shamimu aliingia chini ya turubai mguu mmoja una ndala, mwingine mtupu. "Mama, nimechelewa tena. Mama yangu, nimechelewa tena." Kina mama walimdaka kiunoni kwa mazoea ya misibani, wakamkalisha. Brightson akamgeuzia kamera.

Tunu alielewa palepale. Maneno yalikuwa matatu tu, mama mzima, ndani, na yalishafika mdomoni. Lakini ubeti wa mwisho ndio ulikuwa unafuata, na Shamimu alikuwa amekaa mbele yake, karibu kiasi cha kuguswa. Nafasi hii haitarudi, Tunu aliwaza. Akaimba.

Akauimba wote, mpaka nisamehe, mdogo wangu. Shamimu hakusikia hata neno. Alikuwa anapiga mkeka kwa viganja anamwita mama yake.

"Huyo si Shamimu?" Bi Somoe alitokea mlangoni. "Nani kakuliza, mwanangu?"

Shamimu alinyanyua uso. Alimtazama mama yake, akamwendea, akamshika mashavu, mabega, mikono, kama anayekagua. Kisha akageuka. Akaiona kamera.

"Uliniona naingia," alimwambia Tunu.

"Nilikuona."

"Ukaendelea kuimba."

"Ulikuwa umebaki ubeti mmoja tu, Shamimu. Nilitaka usikie..."

"Mie nilikuwa namlilia mama, Tunu."

Hakusema dada. Maishani mwao mote hakuwa amewahi kumwita Tunu kwa jina lake hivyo, kavukavu.

Revelian alimvuta Tunu pembeni, macho yake mekundu. "Nyimbo zinabaki. Zote. Kilio kile kimeingia juu ya wimbo, hakuna atakayecheka. Hiyo ndiyo muvi yenyewe, da Tunu. Yule ni nani? Tuzungumze naye."

"Mdogo wangu. Na bila kilio chake?"

Revelian hakuwa mtu wa uongo. "Bila chake, ubeti wa tatu nilishaanza kucheka."

Tunu alisimama pale roho inamuuma. Kila alichokipigania kilikuwa ndani ya ile kamera, kimekamilika, na ubeti wa mwisho ukiwemo. Kilichotakiwa ni anyamaze tu. Na kunyamaza alikuwa anakuweza, kwani Shamimu alipoulilia ule usiku wa baba mapajani kwake, si alinyamaza? Hakumwambia hata, mie mwenyewe nilikuwa mazoezini na simu nimeizima. Alimwacha abebe peke yake, kisha akaenda kuandika mchezo.

"Brightson, futa."

"Ukifuta, nyimbo zinatoka," Revelian alisema. "Na bila nyimbo wewe utakataa, nakujua. Hapo hakuna muvi."

"Basi hakuna."

Brightson alimtazama Revelian. Revelian akashusha mabega, akageukia barabarani. Brightson akabonyeza.

Shamimu alikuwa amekaa kizingitini, Bi Somoe anamfuta mguu mchanga kwa ncha ya khanga. Tunu akachuchumaa mbele yao.

"Usiku aliokufa baba na mie sikuwepo," alisema. "Nilikuwa mazoezini, simu nimezima. Uliponiambia yako, mie yangu sikukwambia. Nikakuweka jukwaani. Na leo nimekuona unalia, nikakuacha ulie. Nisamehe."

Ilitoka vibaya, inakwamakwama, haina vina wala mahadhi, mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Vijana waliokuwa wanafungua kamba za turubai waliacha wakasimama.

Shamimu aliutoa mguu wake mikononi mwa mama yake.

"Hayo ndiyo yalikuwa kwenye huo ubeti?"

"Ndiyo hayo."

"Miaka yote hii?"

"Kila Jumamosi."

Shamimu alijifuta macho kwa kiganja, na kiganja chenyewe kilikuwa na mchanga.

"Si ungenipigia simu tu, dada."