Jeneza Juu ya Kibanja

Gari lililoleta mwili wa binti yake lilimkuta Benadeta nyuma ya nyumba, pale Chonyonyo, akimenya ndizi za waombolezaji pamoja na wanawake wenzake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Alivisugua kwa majivu, akajifunga kanga vizuri, akaenda kumpokea.

Wanaume walikuwa wamejipanga kubeba mabegani. Hawakuhitajika. Jeneza la mninga lilitoka garini lenyewe, likasimama hewani usawa wa kiuno, na Nestory, mdogo wa marehemu, akaliongoza mpaka sebuleni kwa kulishika pembe, kama mtu anavyomwongoza ndama. Sakafuni palikuwa pametandikwa nyasi mbichi. Jeneza halikuzigusa.

"Huyu hata amekufa hataki kushuka," alisema mwanamke mmoja, kisu mkononi. Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakarudi kwenye ndizi zao, maana watu walikuwa wengi.

Marehemu alikuwa Kokwijuka, rubani. Kabla yake, vilima vile havikuwa vimemtoa mwanamke wa kurusha ndege. Ndege yake ilikuwa ndogo, ya kubeba wagonjwa, na aliitua mahali ambapo hata pikipiki husita: kwenye nyasi za Kyerwa, ukungu ukiwa umelala mabondeni; kwenye barabara ya Rugu, mvua ikinyesha. Akipita juu ya Chonyonyo aliinamisha bawa moja, na Benadeta, kutoka kwenye mibuni, alimpungia kanga. Hakuanguka hata mara moja. Alikufa kitandani, kwa homa, hajaolewa.

Siku ya maziko hotuba zilikuwa nzuri. Diwani alisema Kokwijuka ni fahari ya Karagwe, na Kyerwa nao wana haki ya kujivunia, na kwamba darasa jipya la shule litapewa jina lake. Mchungaji alimfananisha na tai. Mwanamke aitwaye Costansia, aliyetoka Kyerwa tangu alfajiri, alisimama na msichana wake akasema mtoto huyu alizaliwa angani, kwenye mawingu ya radi, na rubani aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa njia nzima ili mzazi asisikie ngurumo. Watu walilia. Methodius, mkubwa wa ukoo na shemeji yake Benadeta, alilia kuliko wote. Kisha akafuta macho, akawatuma vijana wakachimbe kaburi kwenye rweya.

Rweya ni uwanda wa nyasi nje ya vibanja, mahali pa ng'ombe na upepo. Katika ukoo ule, ndani ya kibanja, kwenye migomba na mibuni inayoizunguka nyumba, huzikwa wana wa kiume na wake walioolewa humo. Binti kaburi lake liko kwa mumewe. Binti asiye na mume ana rweya. Methodius alilieleza jambo hilo kwa upole huku akitafuna kahawa: kaburi ni mzizi, na mzizi wa binti haupandwi kwenye ardhi ya ukoo. Hakuna aliyemkumbusha kwamba kibanja hicho kiliuzwa wakati baba wa marehemu anaugua, na kwamba Kokwijuka ndiye aliyekikomboa kwa mshahara wake, kikaandikwa kwa jina la Nestory kwa sababu ndivyo vibanja vinavyoandikwa.

Waliliteremsha jeneza kwa kamba. Likapanda. Waliliteremsha tena, vijana wakalikalia. Likapanda nao, wakaruka mmoja mmoja wakikung'uta suruali. Walipolifukia, udongo uliumuka kama unga wenye hamira, ukapasuka, na jeneza likatoka safi. Upepo ulikuwa unatoka rweya kwenda vibanjani, nalo likaufuata polepole, watu nyuma yake wakiimba, maana wimbo ulikuwa haujaisha. Lilifika juu ya kaburi la baba yake, likasimama juu kidogo ya majani ya migomba, likatulia.

"Ameonyesha mahali," alisema Benadeta.

Methodius alitazama juu.

"Shemeji, juu hakuna ukoo. Akae huko. Chini ndiko hatuwezi."

Walilifunga kamba kwenye mlamula, ule mti wa mpakani, lisije likachukuliwa na upepo wa kiangazi. Baadaye lilizuka suala la kivuli, kwa kuwa saa sita mchana kililala ndani ya kibanja kabisa, na ukoo ukakaa kikao. Waliamua kwamba kivuli si kaburi, kwa sababu jioni kinahamia kwa jirani. Wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, wakaagana.

Darasa lilipakwa rangi, jina likaandikwa juu ya mlango kwa herufi za buluu. Wageni hufika kupiga picha, wengine kutoka Bukoba, na hufurahi kwamba picha zinatoka vizuri. Lakini matanga hayajaanuliwa. Hayawezi kuanuliwa wakati kaburi halijafukiwa. Waombolezaji wengine walirudi kwenye majembe yao. Benadeta bado analala kwenye nyasi sakafuni, akizibadilisha zinapokauka.

Siku moja baada ya ibada aliwaita Methodius na Nestory, akawaketisha, akawapa kahawa ya kutafuna.

"Shemeji, mahali pangu mimi mmeniwekea?"

"Pale pale, kushoto kwa mumeo. Nani angekunyima?"

"Mpeni Kokwijuka. Mimi nikifa nipelekeni rweya."

Methodius alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Mahali pa mke si kiti, alisema, kwamba huyu ainuke yule akae. Benadeta alimgeukia mwanawe, ambaye dada yake alimsomesha mpaka chuo.

"Kibanja ni chako, baba. Sema neno moja tu, tumlaze dada yako."

Nestory alivitazama viatu vyake. Nje, kamba ilikaza, ikalegea.

"Mama, wazee wameshaamua."

Tangu siku hiyo, kila jioni Benadeta huingia migombani, huchota udongo kiganjani kando ya kaburi la mumewe, na kuurusha juu, kwa kuwa mzazi anapaswa kumtupia mwanawe udongo. Udongo hupanda, hukaribia, haufiki. Humrudia kichwani, mabegani, machoni. Hujifuta, huchota mwingine. Majirani wanaopita saa hizo huinamisha nyuso, humpa shikamoo, huendelea na safari zao.

Juzi Nestory alikwenda Kayanga sokoni. Alimletea mama yake kofia pana.