King'ora cha Kusimama

"Geuka kidogo, bibi. Upande wa ukutani."

"Nigeuke na nini? Nyonga ni yako au yangu?"

Rumena alipitisha mikono chini ya mgongo wa Bibi Tsona, akahesabu moja, mbili, akavuta. Bibi alikuwa na miaka themanini na minne na bado alikuwa mzito kama gunia la ngano. Tangu alipoanguka kwenye barafu mwezi wa Januari alikuwa hajakanyaga chini. Binti yake alikuwa Hispania, akiwaosha wazee wa watu wengine. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kufungua ofisi ya kijiji, ambako alikuwa karani, mchapaji na mfagiaji, Rumena alipita hapa kumgeuza jirani yake, kumpaka mafuta mgongoni mahali palipoanza kuchubuka, na kumwachia bakuli la mtindi karibu na mkono.

"Leo ni leo," alisema akinyoosha shuka. "Saa sita unatoka."

"Nakwenda wapi, harusini?"

"Kwenye basi. Zoezi la Kinu. Safari hii wakubebe, wakuone, waandike. Wakiandika kwamba hapa kijijini Varbnik kuna mtu wa kitandani, lazima watuletee gari la machela likae hapa hapa. Wasipoandika, hatuna gari."

"Mwaka jana waliandika nini?"

"Waliandika hakuna."

"Na Lozan alikuwa kitandani."

"Lozan alikuwa kitandani."

"Basi hawakusema uongo sana," alisema Bibi Tsona. "Sasa kweli hayupo."

Kinu cha nyuklia kilikuwa kilomita tisa tu. Kutoka dirishani kwa Bibi Tsona ulionekana mvuke wake mweupe juu ya miti ya mipopla ya kando ya mto Danubi, kutwa kucha, na watu waliutazama kama wanavyotazama hali ya hewa.

Mkaguzi Galabov alifika saa nne na gari la wilaya. Alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya machungwa juu ya suti, na alikuwa na haraka. Nyuma yake lilikuja basi moja, likiendeshwa na Gencho, mtu wa kijiji cha pili. Galabov alitandaza karatasi zake juu ya meza ya Rumena, akaomba kahawa.

Rumena aliisoma karatasi ya juu ikiwa kichwa chini miguu juu, ujuzi ambao karani yeyote anao. *Zoezi limefanikiwa. Wakazi 112 wamehamishwa kwa dakika 38. Wasiojiweza: hakuna.*

"Bwana mkaguzi, hii ni ya wapi?"

"Ni ya hapa."

"Mbona zoezi bado?"

"Ni rasimu, mama. Tunaijaza mapema ili tusisumbuane baadaye."

"Hapa tuko watu sitini na mmoja. Hao wengine wako Ujerumani na makaburini. Na kuna bibi mmoja hajiwezi, jina lake nimekuletea mara tatu kwa maandishi."

"Watu wa aina hiyo wanabebwa na kikundi cha wabebaji. Kipo kwenye mpango."

"Kipo kwenye mpango. Mmoja wao ndiye Lozan, yule wa kitandani mwaka jana, tumemzika. Wa pili anapanga matofali Stuttgart. Kilichobaki hapo ni kikundi cha nani?"

Galabov alikunywa kahawa. Hakuwa mtu mkali. Hicho ndicho kilichomchoma Rumena zaidi, ule upole wake, kama daktari wa meno anayekuambia huumii.

"Na kwa nini leo?" aliuliza Rumena. "Siku zote za mwaka, mmechagua leo?"

Ilikuwa tarehe mbili Juni. Siku hiyo, saa sita kamili mchana, ving'ora hulia nchi nzima kwa ajili ya waliokufa wakipigania uhuru, na kila mtu husimama wima pale alipo mpaka viishe. Mwenye kofia anaivua. Mwenye gari anazima injini na kushuka. Hivyo ndivyo walivyofundishwa shuleni, wao na mama zao, kabla hawajajua hata kusoma.

"King'ora kinalia hata hivyo," alisema Galabov. "Ukitaka kukipiga siku nyingine, kibali kinapita ofisi nne. Hapa tunaua ndege wetu kwa jiwe la serikali."

"Watu watasimama."

"Hujawatangazia?"

"Nimepita nyumba kwa nyumba siku tatu. Wote wamesema sawa. Lakini nakwambia, watasimama."

"Mama Rumena," alisema yule bwana, akitabasamu, "mtu hasimami Kinu kinapovuja."

"Atajuaje kwamba kinavuja?"

Galabov alikuwa ameshaangalia saa.

Saa sita kasorobo watu walijikusanya uwanjani mbele ya ofisi, kama thelathini hivi, wengi na mikongojo, wamebeba vifurushi kama walivyoagizwa: kitambulisho, dawa, maji, nguo za kubadili. Mzee Nayden alikuwa amebeba pia kuku mmoja kwenye kikapu.

"Kuku hayumo kwenye orodha, mzee," alisema Gencho kutoka dirishani mwa basi.

"Na mimi simo kwenye orodha ya kumwacha."

Walicheka. Rumena alimshika Gencho mkono. "Kikilia tu, wewe na Mzee Nayden mnanifuata kwa Bibi Tsona. Nyumba ya tatu. Blanketi liko tayari, tutambeba pembe kwa pembe."

"Sawa, dada."

"Sawa ya kweli?"

"Ya kweli!"

Kisha kikalia.

Kilianza chini, kikapanda, kikajaza uwanja mzima. Na Gencho alizima injini. Alishuka kwenye basi, akavua kofia yake, akasimama. Mzee Nayden aliweka kikapu chini na kunyoosha mgongo ambao haukuwa umenyooka tangu Pasaka. Mikongojo ikatulia. Watu thelathini walisimama kama miti, macho mbele, na hakuna hata mmoja aliyetazama basi lililofunguliwa milango.

Rumena aligeuka kumtafuta mkaguzi. Galabov alikuwa ngazini, kizibao cha machungwa kimefungwa vifungo vyote, mikono imenyooka kwenye mishono ya suruali, kidevu juu. Mtoto mzuri wa shule.

Basi Rumena akakimbia. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikimbia peke yake katikati ya king'ora, viatu vikipiga lami, na alisikia sauti ya mwanamke nyuma yake ikisema kwa kunong'ona, "Aibu gani hii!"

Bibi Tsona naye alikuwa amejinyoosha kitandani, mikono ubavuni.

"Bibi, na wewe!"

"Nimezoea, mwanangu."

Rumena alitandika blanketi sakafuni, akamteremsha nusu kwa kumvuta, nusu kwa kumwangusha. Bibi aliuma meno, hakupiga kelele. Akamburuta hadi mlangoni. Hapo palikuwa na kizingiti, na nje ya kizingiti ngazi tano za mawe. Alivuta. Blanketi lilichanika pembeni. Alivuta tena, na Bibi Tsona akapiga kelele. Rumena akaacha, akaketi chini karibu na kichwa chake.

King'ora kilikuwa kimekwisha. Uwanjani basi liliwaka, likazunguka mara moja, likasimama.

Baada ya muda Galabov alikuja mwenyewe, na karatasi mkononi, Gencho na Mzee Nayden wakimfuata wameinamisha vichwa. Mkaguzi alisimama chini ya ngazi, akamwona Bibi Tsona amelala nusu ndani nusu nje, miguu yake myeupe wazi juani.

"Mfunike bibi, tafadhali," alisema.

"Mwandike kwanza," alisema Rumena.

"Mama, hapa panahitajika sahihi yako na muhuri tu."

"Andika: mmoja, hajiwezi, amebaki kizingitini. Nitapiga muhuri hata kumi."

Galabov alikunja karatasi yake taratibu. "Muhuri wa wilaya unatosha," alisema, na safari hii hakumwita mama. "Mwaka kesho tutaliangalia." Akaenda. Walisikia gari lake mpaka kwenye njia kuu.

Gencho na Mzee Nayden walipanda ngazi. Walishika pembe tatu, Rumena ya nne, ile iliyochanika, na kumrudisha Bibi kitandani. Rumena alitazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika kumi na tatu. Kutoka kitandani hadi kizingitini, kutoka kizingitini hadi kitandani.

"Dada, mimi nilisikia king'ora tu..." Gencho alianza.

"Najua ulichosikia."

Ofisini, kwenye droo ya chini, kulikuwa na karatasi zenye ukingo mweusi. Ni Rumena aliyechapa tanzia za kijiji, zile zinazobandikwa kwenye mageti na vituo vya basi, jina, umri, picha, na tarehe aliyofariki. Alizichapa nyingi kuliko barua. Alitoa moja, akarudi nayo kwa Bibi Tsona, akamweleza anachotaka kufanya. Alitarajia kutukanwa.

"Weka ile picha yenye hereni," alisema Bibi. "Kwenye kitambulisho nimetoka kama polisi."

Saa tisa alasiri tanzia ilikuwa kwenye kituo cha basi, gundi bado mbichi. Mzee Nayden alipita na kikapu chake, akaona ukingo mweusi, akaona picha. Akavua kofia.

"Tsona! Si sasa hivi tumemlaza?"

"Soma chini," alisema Rumena.

Mzee alisogeza uso karibu, akasoma kwa sauti, neno moja moja. "Atafariki... siku ile king'ora kitakapolia... kwa kweli. Wilaya... imeshaarifiwa."

Kikapuni kuku alitetea. Kisha Mzee Nayden akairudisha kofia kichwani, akaishusha vizuri mpaka kwenye nyusi, akapiga goti lake bovu kwa kiganja.

"Goti hili nalo halipandi basi," alisema. "Umebakiwa na karatasi ngapi?"