Sauti ya Seneta Barragán

Caren alikuwa akipanga glasi kwenye jukwaa la hoteli moja ya Al Garhoud, Dubai, mwaka 2016, mgeni rasmi wa kongamano la wanawake viongozi alipokuja kujaribu kipaza sauti. Seneta Ximena Barragán, mwanamke wa kwanza wa asili ya Kihispania kuingia Seneti ya nchi yake, alifungua kinywa, na salamu zikatokea kinywani mwa fundi mitambo. Fundi alipangusa midomo akaendelea kukunja nyaya.

"Ni hivyo tangu niapishwe," Seneta alimweleza Caren baadaye jikoni, walikobaki wanawake peke yao na sauti yake ikamrudia. "Nikisema mbele ya wanaume, sauti hutoka kinywani mwa aliye karibu. Sheria zangu zote zina majina yao."

Caren alimpa pole, akamwongezea chai. Kisha akatoa lake: mamake yu mahututi nyumbani Kenya, huko Mbale, Vihiga, na pasipoti yake imefungiwa kabatini na meneja, sir Shakir, eti kwa usalama. Akiiomba huambiwa inshallah.

"Kesho nitalisema."

"Basi madam, simama karibu na yeye."

Kwao Vihiga, neno likishamtoka mwanamume barazani halimezeki tena. Caren aliona mtego umekaa sawa, akafunga begi.

Siku ya pili Seneta alisimama bega kwa bega na meneja, akafungua kinywa.

"Kumzuilia mfanyakazi pasipoti ni wizi," akasema sir Shakir kwa sauti nzito. "Caren arudishiwe yake leo."

Ukumbi mzima ulisimama kwa makofi. Wanaume wengine wana bahati: hata dhamiri huletewa imeshatamkwa. Kabla ya chakula cha mchana meneja alitunukiwa tuzo ya Mtetezi wa Wanyonge. Seneta ndiye aliyemkabidhi, na maneno ya Seneta ya kumshukuru yakatoka kinywani mwa meneja mwenyewe.

Caren alimfuata meneja ofisini.

"Sir, pasipoti yangu."

"Ulinisikia nilivyosema?"

"Nilisikia, sir."

"Inshallah, basi. Yalla, haraka, lete kitambaa."

Tuzo iliwekwa juu ya kabati la pasipoti. Caren aliipangusa.

Mamake alizikwa Jumamosi, yeye akiwa zamuni hotelini. Seneta alipiga simu kumpa pole, kwa upole wa mtu aliyeumia kweli. Pole hizo zilitoka kinywani mwa sir Shakir, aliyekuwa akimpita Caren na juisi yake.

"Asante, madam," Caren akamjibu.